Malizeni Kucheka, Kisha Leteni Maji ya Uvuguvugu

Hatua ya kwanza ni kucheka. Cheka sasa hivi, ukiwa umesimama mbali na farasi, mpaka mbavu ziume. Kazi tunayoiendea ni ya kutia mkono ndani ya ala ya uume wa farasi, na zizi ambalo jambo hilo hutajwa bila mtu kugeuka pembeni na kujishika mdomo bado sijalifikia. Vijana watapiga mbinja, jirani atachungulia juu ya ua, na mwenye farasi atakumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga. Waacheni wote wacheke. Lakini kicheko kiishe kabla mkono haujaingia, kwa sababu farasi haelewi mzaha. Anaelewa jambo moja tu: sehemu yake laini kuliko zote imeguswa, na aliyeigusa ametulia au hakutulia.

Hatua ya pili ni kukubali kwamba aibu hii ina gharama, na anayeilipa ni mnyama. Katika mazizi ya Karen, jijini Nairobi, na ya Usa River, karibu na Arusha, utawakuta watu wanaomwosha farasi mkia kwa shampuu, wakamsuka singa kwa ajili ya mashindano, wakampaka kwato mafuta mpaka zikang'aa, na ukiwauliza mara ya mwisho waliangalia chini ya tumbo ni lini, wanatazama mawingu. Mwenye farasi anadhani saisi anaangalia. Saisi anadhani hiyo ni kazi ya daktari. Daktari anaitwa kwa ajili ya mguu au tumbo, na hakuna anayemwomba ainame zaidi. Katikati ya adabu ya watu hawa watatu ndipo kidonda kinapopata nafasi ya kukua mwaka mzima bila kuulizwa kinakwenda wapi.

Na pale mtu anapozinduka, huzinduka vibaya. Ananunua sabuni kali, anafungua mpira wa maji, anasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu, kisha anatangaza kwamba kuanzia leo kila Jumamosi. Msimamo wangu ni kinyume cha hapo, na mwongozo huu wote unausimamia: tazama mara nyingi, osha mara chache.

Ili utazame vizuri, jua unachokitazama. Uume wa farasi ukipumzika hukaa ndani ya ala yenye ngozi iliyokunjwa mara mbili, kunjo moja ndani ya jingine. Ukishuka wote hufika karibu nusu mita. Mwishoni, mrija wa mkojo haukatikii sawasawa na ngozi, bali huchomoza kidogo katikati ya kishimo, na juu ya mrija huo, ndani ya kishimo, kuna kifuko kidogo kilichojificha. Kiweke akilini kifuko hicho, tutakirudia. Ngozi ya ndani ya ala ina tezi zinazotoa mafuta. Mafuta hayo yakichanganyika na ngozi iliyokufa, jasho na vumbi, hupatikana nongo. Kwa farasi mmoja nongo ni kavu, inabanduka magamba ya kijivu. Kwa mwingine ni nyeusi, laini, yenye kunata. Zote mbili ni za kawaida. Nongo kiasi huilinda ngozi isikauke, na ndani yake wanaishi bakteria wasio na ubaya ambao kwa kukaa tu mahali pao huwanyima nafasi bakteria wabaya. Mwenye kuitazama nongo yote kama uchafu wa kuondolewa mpaka wa mwisho atamfanyia farasi wake madhara kwa moyo safi kabisa.

Maksai, yaani madume waliohasiwa, ndio wanaohitaji jicho zaidi. Dume anayepandisha huutoa uume wake mara kwa mara na nongo hupungua yenyewe. Maksai wengi huushusha kidogo tu, wengine hukojoa bila kuutoa kabisa, na mkojo unaobaki ndani huungana na nongo na kuleta mwasho. Farasi mnene naye yumo kundi hilo, kwa sababu mafuta hujaa hata kwenye ala.

Sasa, kutazama. Wakati mzuri kuliko wote ni farasi anapokojoa, na hauhitaji chombo chochote isipokuwa subira. Farasi mzima hutoa lita 5 hadi 15 za mkojo kwa siku, kutegemea maji, chakula na joto, kwa hiyo nafasi hazikosekani. Masaisi wa mbio wana mbinu ambayo kila mwenye farasi aige: humwingiza farasi kwenye banda lililotandikwa majani mapya, husimama kimya, na hupiga mluzi mwembamba, wa taratibu, usiokatika. Farasi aliyezoeshwa husogeza miguu ya nyuma, hujinyoosha na kukojoa. Huko kwenye mbio mluzi huo hutumika kupata mkojo wa kupimwa dawa zilizokatazwa. Wewe utautumia kuona kama mkondo ni mmoja na wenye nguvu, au umegawanyika, kama unachuruzika, kama anasimama amejinyoosha muda mrefu bila kutoa kitu, kama kuna damu, kama uume umetoka au umebaki ndani. Baada ya hapo angalia mapaja kwa ndani kama yana utelezi au magamba, na angalia mkia. Farasi anayesugua mkia ukutani huenda ana minyoo, au kupe, au huenda ala inamwasha na hana mkono wa kujikunia.

Harufu nayo ina habari. Nongo ina harufu yake nzito, na mtu huizoea. Harufu ya kuoza ni kitu kingine, na pua ya saisi hujua tofauti hata gizani.

Jambo moja tu naomba liondolewe kwenye orodha ya dalili. Wapo wanaosikia mlio wa kukoroma chini ya tumbo farasi akitembea mwendo wa troti, wakasema ala imejaa uchafu, wakakimbilia ndoo. Mlio huo hutokana na hewa inayoingia na kutoka ndani ya ala pale farasi anapokaza misuli ya tumbo. Anayeukomesha ni mpandaji aliyetulia juu ya mgongo.

Suala la mara ngapi lina ubishi wa kale. Xenophon, Mgiriki aliyekuwa askari wa farasi na mwandishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kitabu cha kumtunza na kumpanda farasi, na ndani yake aliwaonya watunzaji wasizidishe kusafisha chini ya tumbo. Hoja yake ni kwamba kazi hiyo humkera farasi sana, na kwamba kadiri mahali hapo panavyosafishwa ndivyo yanavyozidi kukusanyika hapo mambo yanayomsumbua. Hakuwa na darubini. Alikuwa na macho na farasi wengi. Zaidi ya miaka 2,300 baadaye, maabara zimempa haki kwa njia yake: madume wa mbegu wakioshwa mara kwa mara kwa dawa za kuua vijidudu, wale bakteria wapole hufa, na nafasi yao huchukuliwa na Pseudomonas aeruginosa na Klebsiella pneumoniae. Dume mwenyewe huenda asionyeshe lolote. Jike anayepandwa naye ndiye atakayepata uambukizo wa mji wa mimba, na mwenye jike atabaki kujiuliza kwa nini hashiki mimba.

Kwa hiyo kwa maksai mwenye afya, uchunguzi kamili mara moja kwa mwaka unatosha, na kuosha kufuate tu kile ulichokiona. Wengine watahitaji mara mbili. Wengine wataishi hadi uzee bila kuhitaji zaidi ya maji na vidole vya upole. Kila Jumamosi ni ugonjwa wa mwenye farasi.

Kwa dume wa mbegu mambo ni mazito zaidi, na kisa cha mwaka 1977 hakifai kusahaulika. Mwaka huo huko Newmarket, Uingereza, kitovu cha farasi wa mbio, majike walianza kutoka usaha na kushindwa kushika mimba kwa wingi. Mkosaji alikuwa bakteria ambaye hakuwa akijulikana, leo anaitwa Taylorella equigenitalis. Mwaka uliofuata alikwishafika Kentucky, Marekani. Madume waliombeba walikuwa na afya, wanakula, wanang'aa. Bakteria alikuwa amejificha ndani ya nongo, kwenye makunjo ya ala, kwenye kishimo na kwenye kile kifuko kilicho juu ya mrija. Kuanzia hapo, dume hachukuliwi kuwa salama kwa kutazamwa tu. Daktari huchukua sampuli kwa kijiti chenye pamba kutoka kila kona niliyoitaja na kuzipeleka maabara. Kama unamfuga dume wa mbegu na hujawahi kuomba kipimo hicho, ndoo yako na sponji yako havikuhusu bado. Anza na daktari.

Sasa tuseme umetazama, umeona nongo imezidi, na farasi ni maksai wako mwenyewe. Usianze leo. Wiki kadhaa kabla, kila unapompiga brashi, mpitishe mkono kwenye tumbo, kisha kwenye paja kwa ndani, kisha kwenye ala kwa nje, halafu uondoke kabla hajakasirika. Mpe karoti au kipande cha sukari guru. Akiinua mguu, mkono ubaki palepale kwa utulivu mpaka aushushe, ndipo uutoe. Ukiutoa wakati ameuinua, umemfundisha kwamba teke linafanya kazi. Farasi aliyefunzwa hivi hulegea na kuushusha uume mwenyewe. Farasi aliyevamiwa atakumbuka mpaka uzeeni.

Na kama hakubali, usishindane naye. Daktari akija kusaga meno, jambo ambalo farasi mzima huhitaji karibu kila mwaka, mara nyingi humdunga sindano ya kumtuliza. Sindano hiyo hulegeza na uume, ukashuka wenyewe. Hapo ndipo mwenye farasi aliyemaliza kucheka anasema, "Daktari, kwa kuwa amelala macho, naomba utuangalizie na huku chini." Sentensi hiyo moja imeokoa farasi kuliko shampuu zote za mashindano.

Vifaa ni vichache. Maji safi ya uvuguvugu, ndoo mbili. Pamba nyingi au vitambaa laini vya kutupa. Glavu, tena zile ndefu ukizipata, kwa sababu harufu ya nongo ikishika ngozi yako itakula nawe chakula cha jioni. Kucha zikatwe hata kama utavaa glavu. Mafuta mepesi yasiyo na manukato, au jeli ya maji anayotumia daktari. Ukitaka sabuni, iwe laini kabisa na kidogo kabisa. Sabuni ya vyombo, dawa ya kufulia, dawa ya kuua vijidudu vya sakafuni, spiriti, mafuta ya taa: hivi vyote nimesikia watu wakivisifu, na vyote vinaunguza ngozi. Mpira wa maji ya baridi wenye nguvu uufungie chooni. Na sponji moja kwa farasi wote wa zizi ndiyo njia ya haraka ya kugawa ugonjwa mmoja kwa ndugu kumi.

Simama upande wa kushoto, karibu na bega, uso wako ukielekea mkiani, mkono mmoja ukiwa mgongoni mwa farasi muda wote ili umsikie anapokaza misuli. Anayeshika hatamu asimame upande huohuo wako. Akivuta kichwa kuja kwenu, sehemu ya nyuma huenda mbali nanyi. Akisimama upande mwingine na farasi akishtuka, mateke yatakuja kwako. Farasi anaweza kupiga teke la mguu wa nyuma kuja mbele, chini ya tumbo, na watu wengi hawalijui teke hilo mpaka siku wanapolipokea. Kichwa chako kamwe kisiingie chini ya tumbo. Ukitaka kuona, mwambie msaidizi aje na tochi akiwa amesimama mbali kidogo, au ngoja siku ya daktari.

Paka mafuta kwanza. Yaingize kwa vidole, kwenye kunjo la nje, kisha la ndani, ukizunguka polepole. Halafu acha. Dakika kumi, ishirini, mpe majani ale, zungumza naye, mpige brashi. Hapa ndipo wenye haraka wanapoharibu: nongo kavu ikivutwa bila kulainishwa hubanduka pamoja na ngozi, na kesho ala imevimba mara mbili. Ikishalainika, itafuata kidole yenyewe, vipande kwa vipande. Futa kwa pamba iliyolowa, tupa, chukua nyingine. Pamba chafu isirudi kwenye ndoo safi. Usiwinde kila chembe. Mara ngozi inapohisika laini chini ya kidole, umefika. Suuza kwa maji ya uvuguvugu mengi, ya taratibu, mpaka sabuni yote iwe imetoka, kwa sababu sabuni iliyobaki ndani ya kunjo huwasha kuliko nongo uliyoitoa.

Sasa turudi kwenye kile kifuko. Humo nongo hukusanyika, hukauka na kuwa donge, mara nyingi la ukubwa wa haragwe, wakati mwingine kubwa zaidi, na kuna farasi wenye madonge mawili au matatu pamoja. Donge dogo huenda lisimsumbue. Kubwa huubana mrija, na hapo ndipo mkondo wa mkojo unapogawanyika. Ukiwa na farasi mtulivu, shika kichwa cha uume kwa mkono usiobana, tia mafuta kwenye kishimo, ingiza ncha ya kidole kidogo pembeni mwa mrija, na upapase kuelekea juu. Mazungumzo mazuri ya wakati huo nimeyasikia zizini hivi:

"Mzee, kuna kitu kigumu hapa."

"Kinatoka?"

"Nikivuta atanivunja."

"Basi usivute, bwana. Ongeza mafuta, ngoja, kisha ukisukume kutoka nyuma."

Huyo mzee awekewe kiti. Donge husukumwa kutoka nyuma likiwa limelainika, halichokolewi kwa kucha wala kwa kijiti, kwa sababu ukuta wa kifuko ni mwembamba na mrija uko palepale. Likigoma, liache. Mtu mzima anaweza kusema nimeshindwa na farasi akabaki mzima hadi daktari afike.

Yote hayo ni usafi. Sasa sehemu inayonifanya niandike kwa msisitizo: mkono uliomo humo ndani unapaswa kujua vitu ambavyo havioshwi.

Cha kwanza, na cha kutisha zaidi, ni kidonda cha waridi kisichopona au kinyama kinachoota kwenye kichwa cha uume au kwenye kunjo la ndani. Kwa farasi mzee, hasa maksai mwenye ngozi isiyo na rangi sehemu hizo, ichukulie kuwa ni saratani ya ngozi mpaka maabara iseme vinginevyo. Hiyo ndiyo saratani inayoongoza mahali hapo. Zamani lawama zote zilitupiwa nongo. Mwaka 1947 watafiti wawili nchini Marekani, Plaut na Kohn-Speyer, waliwatia panya nongo ya farasi na kutangaza kwamba inaleta saratani, na imani hiyo ikatawala mazizi kwa miongo mingi. Siku hizi kidole kinaelekezwa zaidi kwa kirusi cha papiloma cha farasi kinachoitwa EcPV2, kinachokutwa katika sehemu kubwa ya vivimbe hivyo. Nongo huenda ikachangia kwa kuwasha ngozi miaka nenda rudi, lakini kuiosha kila wiki hakukitoi kirusi. Kinachookoa ni kuonekana mapema. Kidonda cha ukubwa wa ukucha daktari anaweza kukikata au kukigandisha na farasi akaendelea kupandwa. Kile kilichofichwa na adabu kwa miaka miwili huweza kudai uume wote ukatwe, au farasi aagwe.

Farasi weupe, waliozaliwa weusi au wekundu na kugeuka weupe kadiri umri unavyosonga, wana lao. Farasi wengi wa Kiarabu ni wa aina hiyo. Hawa wakizeeka huota vinundu vyeusi, vigumu, vinavyoitwa melanoma, chini ya mkia, midomoni na kwenye ala. Vingi hukua polepole sana. Vihesabu, viandike, mwonyeshe daktari, na usivitumbue. Halafu kuna sakoidi, uvimbe wa ngozi unaohusishwa na kirusi cha papiloma cha ng'ombe, ambao ukiukata ovyo hurudi ukiwa mkali zaidi. Na kuna kupe, ambao katika mazizi yetu hujua njia ya kwenye ala kabla ya mwenye farasi.

Kisha kuna kidonda cha nzi, ambacho kwa nchi za joto nakitaja kwa kirefu kwa sababu huko kwingine wanakiona mara chache. Ndani ya tumbo la farasi huishi minyoo ya jamii ya Habronema. Viluwiluwi vyake hutoka na mavi, huingia ndani ya funza wa nzi, na nzi akikomaa huwa amevibeba. Nzi huyo akitua kwenye midomo ya farasi, viluwiluwi humezwa na mzunguko unaendelea. Akitua mahali penye unyevu au kidonda, na ncha ya uume ina unyevu siku zote, viluwiluwi huingia kwenye nyama na kupotea njia. Havitakomaa, lakini mwili wa farasi huvipiga vita vikali: nyama nyekundu inaota, inawasha, inatoka damu ikiguswa, na ndani yake mna chembe ngumu za njano. Farasi hujing'ata, nzi wengine hufuata damu. Ukioshe upendavyo, hakitapona kwa kuoshwa. Dawa ni ya minyoo, ivamektini au ndugu zake kwa dozi ya daktari, pamoja na dawa ya kupunguza uvimbe, na kinga ni koleo: mavi yaondolewe kila siku na kurundikwa mbali na zizi. Kwa macho kidonda hiki na saratani hufanana vya kutosha kumdanganya mtu mzoefu, kwa hiyo kisipopungua kwa matibabu, kipande kidogo kikatwe kipelekwe maabara.

Ala ikivimba, bonyeza kwa kidole. Kama alama ya kidole inabaki kwa muda, ni uvimbe wa maji. Farasi aliyefungiwa bandani siku mbili huamka hivyo, ukimtembeza unapungua. Aliyetoka kuhasiwa naye huvimba siku chache za mwanzo. Lakini uvimbe unaoenea tumboni na miguuni, wenye homa au ufizi uliopauka, usiuite uchafu: huenda ni minyoo, moyo, au ugonjwa wa kupe unaoletwa na Babesia caballi na Theileria equi, ambao katika Afrika Mashariki ni wenyeji. Pima joto, piga simu.

Na kuna siku ambayo hakuna kungoja: uume umeshuka, umevimba, na haurudi. Sababu ni nyingi, kuanzia teke la jike asiyetaka hadi uchovu na njaa, hadi dawa ya kutuliza iitwayo asepromazini, ambayo kwa farasi wachache huushusha uume ukagoma, na kwa sababu hiyo madaktari wengi huwaepusha nayo madume wa mbegu. Kadiri unavyoning'inia ndivyo unavyojaa maji, na kadiri unavyojaa ndivyo usivyoweza kupanda. Mwite daktari kwanza. Ukimsubiri, mwagia uume maji ya baridi, taratibu, dakika kumi na tano hivi, uupake mafuta mepesi usikauke, kisha uubebe kwa kitambaa kipana kilichofungwa juu ya mgongo, uache nafasi ya mkojo kupita. Usimwache jua limpige. Lakini kama farasi huyo pia anayumba, ameshindwa kumeza, au amebadilika tabia ghafla, usiguse chochote. Kichaa cha mbwa huweza kuja kwa sura hiyo. Toka, funga mlango, mweleze daktari kwa simu.

Nimeandika farasi, farasi, lakini wanyama wa jamii hii walio wengi kwetu ni punda, na hao hawana mashindano ya singa. Punda dume wa Lamu anayepita vichochoroni na shogi la mchanga au mawe ya ujenzi mara chache atahitaji kuoshwa ala. Anahitaji kutazamwa. Kamba ya tumbo humchubua, punda wenzake humng'ata mahali hapohapo wanapogombana, nzi wanakuja, na kidonda cha Habronema kinaanza. Tena punda si farasi aliyepungua urefu: mwili wake hushughulikia dawa nyingi kwa mwendo tofauti, hivyo dozi ya farasi usiikadirie kwa macho. Hulka yake ya kuvumilia kimya humponza, kwa sababu ataendelea kubeba akiwa na kidonda ambacho farasi angekuwa amekwisha kukivunjia banda zima.

Kwa bahati njema, Lamu wana kliniki ya punda kando ya bahari, ya shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza, lililofika kisiwani mwaka 1987, na matibabu yake hayalipiwi. Ukimwona punda wako anasimama sana akijinyoosha, au nzi wamejaa chini ya tumbo, mvue shogi, usimpake oili chafu wala majivu, mwongoze huko polepole, na umwambie daktari siku uliyokiona kidonda kwa mara ya kwanza. Tarehe hiyo itamsaidia kuamua kama aanze na dawa ya minyoo au achukue kisu na kukata kipande cha kupima.